Mfuko Mmoja kwa Familia

"Famille moja, mufuko moja," alisema mwenye bunduki pale kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, bila kuinua macho kutoka kwenye muwa aliokuwa akiumenya. "Muchague mbio. Wenzenu wako nyuma."

Mashine ya michezo ilikuwa imeshakwenda. Mwenzake alikuwa ameishusha mgongoni kwa Grégoire, akaigeuzageuza, akaitupa chini ya turubai pamoja na redio za watu, magodoro mawili na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Ilibaki mifuko miwili kwenye tope. Wa kwanza ulikuwa na kilo tano za mbegu za maharagwe, mali ya mkewe Emérence, umefungwa mdomo kwa kipande cha kitambaa cha buluu kilichokatwa kwenye sketi kuukuu ya shule ya binti yao Blandine. Wa pili ulikuwa na diski kumi na moja za michezo ya video, kila moja katika kasha lake, zimeviringishwa ndani ya sweta ili zisikwaruzike. Upande wa Masisi mizinga ilikuwa ikilia tangu alfajiri, na mlolongo wa watu wenye masufuria na mbuzi ulifika hadi kwenye kona.

Emérence aliinama kuchukua mbegu. Hakumwuliza mumewe, maana hakuona kama hapo kulikuwa na swali. Katika ukoo wao, mbegu ni ya mama wa nyumba. Yeye ndiye anayeitundika juu ya mafiga ili moshi uifukuzie wadudu, na mwanamume hatii mkono humo hadi siku ya kupanda, mkewe anapomwita na kumjazia kiganja cha kwanza. Njaa ikiingia, itauzwa mbuzi, litauzwa godoro, mbegu itabaki palepale juu. Tangu aolewe alikuwa amekimbia vita mara nne, na mara zote nne mbegu ilitangulia kutoka mlangoni kabla ya sufuria. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake.

Lakini Grégoire naye alikuwa na elimu yake. Mwaka na nusu uliopita aliuza ng'ombe wake wa mwisho kabla wenye bunduki hawajaja kumchukua bure, akashuka Goma, akarudi kijijini kwao Kingi na mashine na zile diski. Akafungua chumba cha michezo, vijana wakajaa, na yeye akaanza kuvaa saa. Tangu hapo habari za jembe zilimchosha. Maharagwe, alikuwa akisema, yanakaa miezi mitatu ardhini halafu anavuna mwenye bunduki. Diski zinafanya kazi siku hiyohiyo, panya hawazili, tena ni nyepesi kukimbia nazo. Mashine kwake ilikuwa sufuria tu, na sufuria hazikosekani popote. "Hizi njo mbegu yangu," alizoea kumwambia Emérence, akizipangusa kwa pamba, na Emérence alikuwa akimjibu kwa kuongeza kuni.

Basi kabla mkewe hajanyooka, Grégoire alinyoosha mkono, akauchukua mfuko wa mbegu na kuuweka miguuni mwa mwenye bunduki.

"Tunapita na hii ingine, chef."

Yule mtu akaufungua mfuko wa pili, akatoa kasha moja, akatazama picha ya mchezaji mpira. "Ni nini hii? Masahani?"

"Ni CD ya jeux, chef."

"Na mashini tuko nayo sisi!" Akacheka hadi muwa ukamtoka mdomoni. "Pita, muzee. Pita na masahani yako."

Emérence alibaki ameinama kidogo, mkono wake ukiwa pale ulipokuwa mfuko. Kisha akamkaza mgongoni Archange, mwanawe wa miaka mitatu, akapita. Kutwa nzima, hadi walipolala Kashebere, alitangulia bila kumgeukia mumewe. Blandine, mwenye miaka kumi na mitatu na akili ya kuona mambo, alitembea katikati yao.

*

Siku ya nne walifika Kibua, upande wa Walikale, wakapewa jiko la zamani la Papa Damascène walitumie kama nyumba. Damascène hakuwa ndugu yao. Alikuwa mkulima mwenye kilima kikubwa kuliko nguvu zake, na aliwapokea wakimbizi kwa utaratibu wake mwenyewe, bila maneno mengi. Alhamisi asubuhi aliwapandisha kilimani. Mvua zilikuwa zimeanza na ardhi ilikuwa nyeusi, laini, imelimwa tayari.

"Tangu jiwe hii mpaka kule kwa mufereji," akasema. "Siombi franka. Mukivuna, munipe kitunga moja. Jembe nitawaazima. Lakini mbegu iko yenu, mimi yangu nimemaliza kupanda."

"Aksanti, Papa," akasema Grégoire kwa furaha. Kilikuwa kipande kizuri. Watu wanne wangekula hadi mwisho wa mwaka.

"Jumatano nitapita. Kama mumepanda, shamba ni yenu. Kama hamujapanda, kuna famille ya Nyabiondo inangojea. Siwezi acha udongo ilale na watu wako na njaa, munanielewa." Akamgeukia Emérence, kwa kuwa alijua jambo hilo linaulizwa wapi. "Mama, mbegu uko nayo?"

"Haiko, Papa."

Godelieve, mke wa Damascène, alikuwa amekuja nyuma yao na chungu cha maji. Akasimama. "Mama Blandine, ulikimbia pashipo mbegu? Watoto ulibeba, nguo ulibeba, mbegu ukaacha?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza mama aliyetoka nyumbani bila mtoto wake. Emérence alitazama udongo akasema, "Ilibaki kwa njia." Hakusema nani aliyeibakiza. Grégoire alisubiri kusikia jina lake, hakulisikia, na kule kusitiriwa kulimuuma kuliko kama angetajwa mbele ya kilima kizima.

"Mbegu tutanunua," akadakia. "Mimi niko na kazi yangu, Papa Damascène. Jumapili nitakuwa na franka. Jumanne soko, Jumatano tumepanda."

Damascène alimtazama saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa imesimama tangu Nyabiondo. "Ni sawa," akasema, na akateremka.

*

Mwenye mashine pale Kibua alikuwa Edmond, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kufungua duka. Aliuza chumvi, betri na mabuti ya wachimbaji wa madini, na nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye televisheni, mashine ya michezo mpya kuliko ile ya Grégoire, na mabamba ya jua juu ya paa. Diski alikuwa nayo moja tu, mpira wa miaka mingi iliyopita. Humo ndani wachezaji waliokwisha kustaafu na kuota vitambi walikuwa bado wanakimbia. Wachimbaji walikuwa wamewachoka.

Grégoire alipanga makasha yake juu ya meza ya duka, moja baada ya jingine, taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kizuizini kujisikia mtu mzima.

"Papa Edmond, mashini uko nayo. Mimi niko na michezo kumi na moja. Mpira ya musimu huu iko ndani."

Edmond aliinua kasha la mpira akalinusa kabisa. "Ni original?"

"Original. Nilinunua Goma, kwa duka, na karatasi yake. Kingi nimezichezesha mwaka na nusu."

"Wachimbaji watavunja mulango," akasema Edmond, na macho yake yakang'aa. "Tunagawa nusu kwa nusu. Mimi moto ya betri na mashini, wewe CD. Jumapili, misa ikiisha."

"Tujaribu moja sasa?"

"Na moto ya wapi? Siku ya tatu hii mvua inanyesha, betri iko chini kabisa. Ile kidogo inaingia naiweka kwa Jumapili." Akasimama mteja wa chumvi, Edmond akaenda kumpimia.

Blandine, aliyekuwa amemfuata baba yake, alikuwa amegeuza kasha moja mgongoni. Grégoire alisoma hadi mwaka wa tatu wa msingi na Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu. Binti alikuwa ameingia secondaire.

"Papa, hapa nyuma wameandika téléchargement requis. Ni kusema inaomba internet."

"Ile ni maneno ya watu ya Ulaya."

"Hata Kingi nilikuambiaka."

"Na Kingi haikucheza?"

Blandine akafikiri. "Ilicheza."

"Njo ile," akasema Grégoire, akamnyang'anya kasha na kulirudisha kwenye mstari.

Jioni alimweleza mkewe mpango wote, akiongeza chumvi hapa na pale. Emérence alikuwa akimenya ndizi za kupewa. Alimwacha amalize.

"Na kama haicheze?"

"Kingi haikucheza mwaka na nusu?"

"Kingi hata maharagi yangu iliota," akasema Emérence, na akaendelea kumenya.

*

Jumapili jua lilitoka. Ubao wa Edmond uliandikwa kwa chaki MICHEZO MPYA 11, na misa ilipokwisha wachimbaji wapatao arobaini walikuja moja kwa moja, mashati safi, nywele zimepakwa mafuta. Kila mmoja alilipa mlangoni. Waliokosa mabenchi walikaa chini, waliokosa chini walisimama dirishani. Grégoire alisimama kando ya televisheni ndani ya koti aliloazimwa na Damascène, mikono yake ikitokeza mbali kupita mikono ya koti. Blandine alikuwa mlangoni. Emérence hakuja.

Edmond aliingiza diski ya mpira. Mashine ikaimeza kwa sauti ndogo, na kioo kikawaka. Uwanja ukatokea, nyasi kijani, taa, muziki mkubwa, kelele za mashabiki. Chumba kizima kikapiga kelele kuwajibu. Mchimbaji mmoja mnene alimpiga Grégoire begani akamwita "muzee wa nguvu." Grégoire alicheka. Moyoni mwake alikuwa amekwisha kufika kilimani, maharagwe yameota, Emérence anamwita aje atazame.

Kisha uwanja ukaondoka. Kikabaki kioo cha kijivu na mistari ya maandishi.

"Ni nini?" wakauliza watu.

Edmond akabonyeza. Maandishi yakaondoka, yakarudi. Alikuwa anayasoma, lakini midomo yake ilikataa kutoa sauti, basi mchimbaji mwingine akapaza: "Mutoto wa shule, tusomee!"

Blandine alimtazama baba yake. Grégoire akampa ishara asome, kwa kuwa alikuwa bado anaamini ni salamu ya mwanzo. Binti akasoma kwa Kifaransa, kisha polepole kwa Kiswahili: "Wanasema mchezo haiko yote kwa disque. Inaomba kupakua ingine kwa internet. Giga makumi sita na mbili."

Kwanza walicheka, wakidhani ni utani wa mashine. Kibua nzima mtandao ulipatikana juu ya kisiki kimoja, nyuma ya kanisa, na hata hapo ilibidi mtu asimame kwa mguu mmoja ujumbe utoke. "Giga makumi sita na kile kisiki!" akasema yule mnene. "Tutapakua mpaka huyu muzee akuwe na wajukuu!"

"Weka ingine," akasema Grégoire.

Edmond akaweka ya pili. Giga arobaini na nane. Ya tatu, sabini. Ya nne haikutaja hata namba, ilisema tu haina la kufanya bila mtandao. Ya tano ilitaka thelathini, na watu wakaipigia makofi kwa huruma yake. Grégoire alikuwa anazitoa kwenye makasha mwenyewe, akizipangusa kwenye koti la mwenzake na kumpa Edmond, ya sita, ya saba, ya nane, kana kwamba kosa lilikuwa vumbi. Hadi ya kumi na moja. Akataka kuanza tena na ya kwanza, Edmond akamshika mkono.

"Papa Grégoire. Siku ulinunua Goma, yule wa duka alikupa mashini palepale?"

"Aliniambia nirudi kesho yake. Alikuwa anaisafisha."

"Hakuwa anasafisha. Alikuwa anapakua, usiku muzima, na internet ya Goma." Edmond aliteremsha sauti, lakini kila mtu alisikia. "Mchezo ilikuwa ndani ya ile mashini yako. CD ni ya kufungulia tu. Ulibeba ufunguo, Papa. Nyumba ilibaki kwa barrière."

Mchimbaji aliyekaa mbele alikuwa ameokota diski moja na kuitumia kama kioo, anajichana masharubu. "Lakini inaangaza vizuri," akasema. Wakacheka tena, safari hii bila huruma, maana walikuwa wamelipa. Wakadai hela zao. Edmond aliwaambia wangoje, akarudisha ile diski yake ya zamani, na wale wachezaji wenye vitambi wakaanza kukimbia. Watu walinung'unika kidogo, wakatulia, wakashika zamu.

Edmond hakuwa mtu mbaya. Alimtoa Grégoire nje, akatuma mtu aulize kwa mnunuzi wa madini aliyekuwa na sahani ya mtandao wa angani juu ya bohari yake. Jibu lilirudi upesi: inawezekana, anauza giga mojamoja. Edmond alipiga hesabu kwa kidole kwenye kiganja, kisha akamwonyesha. Kupakua diski moja tu kulikuwa ni bei ya ng'ombe. Grégoire aliijua vizuri bei ya ng'ombe.

Alitembea kurudi kwa Damascène akiwa amelivua koti na kulikunja vizuri mkononi. Njiani alimkumbuka yule wa kizuizini na kicheko chake. Naye bila diski mashine haitamfungulia. Atabonyeza hadi achoke, kisha ataitupa au ataikalia. Wazo hilo halikumpa faraja yoyote.

Emérence alikuwa amesikia kabla hajafika, Kibua si mji mkubwa. Alimtengea chakula, akamwekea maji ya kunawa, akamwambia "Kula." Grégoire alitamani mkewe amtukane. Alikula peke yake.

*

Jumanne Emérence alikunja kitenge chake cha misa, kile alichopewa siku ya arusi, akakiweka kwapani na kuteremka sokoni. Hakusema anakwenda kufanya nini. Grégoire alimfuata nyuma na mfuko wake wa diski, hatua kumi nyuma, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Mbegu zilikuwa adimu. Wakimbizi walikuwa wamejaa hadi Walikale mjini na maharagwe yote yaliyopatikana yalikuwa yanakwenda chunguni. Emérence alizunguka safu ya kwanza, safu ya pili. Mbele ya mama mmoja aliyeitwa Emérita, mwenyeji wa pale, akasimama ghafla. Alichuchumaa, akatia mkono ndani ya beseni, akayainua maharagwe na kuyaacha yaanguke. Yalikuwa mekundu yenye mstari wa rangi ya maziwa, na hapa na pale punje nyeusi. Marehemu mama yake ndiye aliyekuwa akichanganya zile nyeusi, akisema zinavumilia mvua. Emérence alinusa kiganja. Kilinuka moshi wa jiko lake mwenyewe, la Kingi.

"Hizi zimetoka wapi, mama?" akauliza.

"Watu ya pikipiki walizileta tangu kule kwa barrière. Nilinunua mufuko kamili. Ni nzuri sana, inaivaka mbio."

"Inaiva," akarudia Emérence.

"Eh, watu wanapika tangu juzi, wanaipenda. Imebaki vikombe mbili tu." Akaonyesha kando yake mfuko mtupu uliokunjwa, na juu yake kipande cha kitambaa cha buluu.

Grégoire alikiona. Alikuwa amefika nyuma ya mkewe, na damu ikampanda kichwani. "Mama, hii mbegu ni yetu!" akapaza. "Ile kitambaa ni ya mutoto wangu! Hizi ni vitu ya wizi, ni—"

"Nyamaza," akasema Emérence. Hakupaza sauti wala hakugeuka. "Utamuambia walikuibia? Nani alikuibia? Uliwapa na mukono yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja. Wauzaji wa pande zote waligeuka wakamtazama Grégoire, mwanamume mzima na mfuko wa sweta kifuani, akitafuta mahali pa kuweka macho. Emérita naye alitazama huyu na yule, akaelewa, na akavuta beseni karibu kidogo, kwa kuwa naye alikuwa amelipa.

Emérence alifungua kitenge, akakitandaza. Emérita alikipapasa, akakitazama kwenye mwanga, akakubali: kikombe kimoja. Alikipima na kukisawazisha juu kwa kiganja ili kisizidi. Kikabaki kikombe cha pili ndani ya beseni, na mama mwingine alikuwa amekwisha kusimama na sufuria yake.

"Ngoja," akasema Grégoire. Akapiga magoti kwenye tope, akafungua sweta. "Mama, angalia hizi. Hizi zote nilinunua na ng'ombe."

Emérita alitoa diski moja kwenye kasha, akaigeuza juani. Mwanga ulimpiga usoni mama mwenye sufuria, akafumba macho. "Inaangaza," Emérita akakiri. "Niko na mupunga kule chini, ndege wanaimaliza. Nikitundika hizi na kamba labda watakimbia. Ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

"Zote kwa kikombe moja. Lakini masanduku utabaki nayo, sina kazi nayo."

Grégoire alimtazama Emérence. Emérence alikuwa anatazama beseni. Basi akazitoa, moja baada ya nyingine, kwa vidole viwili pembeni kama alivyozoea, asiziguse usoni zisije zikachafuka. Alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Ongeza matabishi, mama," kama anavyoomba mnunuzi yeyote. Emérita akamwongezea punje za chini ya beseni, nyingi zikiwa nyeusi.

"Na ile kitambaa?" akauliza Emérence.

"Hii? Chukua."

Emérence akazifungia mbegu ndani ya kile kitambaa, akaweka kichwani, akaondoka. Grégoire alikusanya makasha kumi na moja matupu, akasimama nayo, hajui ayapeleke wapi.

*

Jumatano asubuhi Damascène alipita kama alivyosema. Alipima vikombe viwili kwa macho, akatembea kutoka kwenye jiwe, hatua, hatua, akasimama mbali sana na mfereji na kuchora mstari kwa fimbo.

"Itafika hapa," akasema. "Nisimudanganye mutu. Ile ingine ninawapa wa Nyabiondo."

Wa Nyabiondo walikuwa wameshafika, mume na mke na watoto watano. Mama yao, Joséphine-Marie, alikuwa na gunia la mbegu ambalo alilazimika kulishusha kwa msaada. Aliwaamkia kwa adabu, kisha alipoona ule mstari na kale kafungu ka buluu, akajifanya anatafuta jembe lake.

Grégoire alianza kuchimba. Alichimba mistari iliyonyooka, mashimo ya kina kimoja, kazi ambayo hakuifanya tangu avae saa, na alifanya vizuri. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza akaweka jembe chini. Ilikuwa zamu ya kupanda, na siku ya kupanda mwanamume huitwa. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akanyoosha kiganja cha kuume, akakiacha wazi mbele yake. Godelieve alikuwa pembeni ya shamba na Archange, akiangalia. Joséphine-Marie, upande wa pili wa mstari, alikuwa anamjazia mumewe kiganja.

Emérence alifungua kitambaa cha buluu. Alichota mbegu, akaja nazo kwenye mstari, akampita mumewe karibu hata nguo yake ikamgusa.

"Blandine," akasema. "Leta mukono."

Binti alisita, akamtazama baba yake. Mama akamshika kiganja, akakijaza, akamfunga vidole.

"Mbili kwa kila tundu," akamwambia. "Ile nyeusi isilale peke yake." Kisha, bila kumgeukia Grégoire: "Wewe chimba."

Grégoire akakifunga kile kiganja kitupu. Akaokota jembe, akaanza mstari wa pili. Kabla ya saa nne walikuwa wamemaliza.